Kipimo Huanzia Ardhini: Trekta, Plau na Udongo wa Mlali

Kata ya Mlali, katika Wilaya ya Mvomero mkoani Morogoro, imekaa pale Milima ya Uluguru inapomalizia mteremko wake wa magharibi na kukutana na tambarare, kando ya barabara inayoiacha njia kuu ya Iringa hapo Sangasanga, ikapita Mzumbe na kuendelea kupanda hadi Mgeta. Mkao huo unaifanya ardhi yake ibadilike ndani ya mwendo mfupi, kama ilivyo kawaida ya maeneo ya miguuni mwa milima: kando ya mito kuna kichanga kilicholetwa na maji, kwenye miinuko midogo kuna udongo wa tifutifu, na mabondeni, ambako mpunga hustawi, kuna mfinyanzi mzito unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Trekta moja lenye plau moja na dereva mmoja laweza kukatua vizuri asubuhi katika shamba la nyanya na kushindwa mchana katika shamba la jirani, wala injini isiwe na kasoro yoyote.

Mazungumzo ya kununua au kukodi trekta, hata hivyo, huanza na kuishia kwenye nguvu farasi, na mtu huuliza kama trekta ni la hamsini au la sabini na tano, akadhani amekwisha kujua linachoweza. Swali hilo linalitanguliza jambo ambalo lilistahili kuja mwisho. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni ukinzani wa udongo, yaani kiasi ambacho udongo hukataa kukatwa. Kisha upana na kina cha zana itakayoukata. Kisha uzito utakaoyawezesha magurudumu kushika ardhi bila kuteleza. Na baada ya hayo ndipo nguvu ya injini inapokuwa na maana. Mkulima anayefuata mpangilio huo huweza kujua kabla ya kulipa iwapo zana na trekta vinafaana, na anayeugeuza hulipia mafuta, matairi na vipuri vya makosa ambayo yangeweza kuonekana kwa hesabu ya dakika chache.

Nguvu farasi ni kipimo cha kazi inayofanyika kwa muda, na farasi mmoja wa kipimo hicho ni sawa na robo tatu ya kilowati, kwa ukaribio. Tarakimu inayoandikwa kwenye boneti ni nguvu ya injini yenyewe, si nguvu inayofika kwenye plau. Njiani kuna giaboksi, difrensha na feni, ambavyo kila kimoja huchukua chake. Lakini upotevu mkubwa zaidi hutokea mahali ambapo tairi hugusa ardhi, kwa kuwa tairi huzama kidogo, hubonyea na kuteleza. Katika udongo wa shambani, trekta linalovuta kwa magurudumu mawili ya nyuma hufikisha kwenye zana takriban nusu tu ya nguvu ya injini, na katika ardhi laini au yenye unyevu mwingi hufikisha pungufu ya hapo. Anayekodi trekta la nguvu farasi 50 kwa hiyo anapata kama 25 za kuvuta, nazo ni kwa siku ambayo ardhi iko katika hali nzuri.

Ukinzani wa udongo hupimwa kwa kuangalia sehemu ya udongo inayokatwa, yaani upana ukizidishwa kwa kina, na kila sentimita ya mraba ya sehemu hiyo hudai mvuto wake. Mvuto hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Kichanga hudai kama nyutoni 3 kwa kila sentimita ya mraba, tifutifu kama 5, na mfinyanzi mzito 8 au zaidi, hasa ukiwa mkavu. Tuseme plau ina diski tatu zinazokata jumla ya upana wa sentimita 80, na kina kinachotakiwa ni sentimita 20. Sehemu inayokatwa ni sentimita za mraba 1,600, na mvuto unaohitajika ni nyutoni 4,800 katika kichanga, 8,000 katika tifutifu na 12,800 katika mfinyanzi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, mivuto hiyo hudai kwenye plau nguvu farasi 9, 15 na 24 kwa kufuatana. Na kwa kuwa nusu ya nguvu hupotea njiani, injini inapaswa kutoa 18, 30 na 48. Injini haifai kufanyishwa kazi hadi kikomo chake siku nzima, kwa hiyo huongezwa robo ya akiba kwa ajili ya kona, visiki na vipande vigumu, na hapo matokeo huwa 23, 38 na 60.

Zana ni ileile, kina ni kilekile na mwendo haukubadilika, lakini mahitaji yamezidi mara mbili na nusu kwa sababu ya udongo peke yake. Trekta la nguvu farasi 50 linalokatua kichanga kwa plau hiyo lina nguvu nyingi kuliko inayohitajika, na dereva mwenye busara atatumia gia ya juu na kupunguza mafuta. Likishuka bondeni kwenye mfinyanzi mkavu litatoa moshi mweusi, mwendo utaanguka, na dereva atafanya kile ambacho madereva wengi hufanya, yaani kuinua plau kidogo ili injini ipumue. Shamba litaonekana limelimwa, lakini kina kitakuwa sentimita 10 au 12. Hesabu inaonyesha pia kwa nini kuomba kina kikubwa si jambo dogo: kutoka sentimita 20 hadi 30 katika mfinyanzi uleule, mahitaji ya injini hupanda kutoka 60 hadi kama 90, na katika nchi ambamo matrekta mengi ya kukodi yana kati ya 50 na 75, kina hicho hakipatikani kwa plau ya diski tatu bila kuondoa diski moja.

Tanzania ina mfano mkubwa wa gharama ya kuanza na mashine kabla ya udongo, na mfano huo uko upande wa magharibi, ng'ambo ya Gairo, huko Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga uliokusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliyobaki kutoka vitani yalikusanywa, na vifaru vya Sherman vilibadilishwa na kiwanda cha Vickers vikawa mashine za kung'oa visiki, zikaitwa Shervick. Nguvu haikukosekana, lakini udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi unaogeuka kuwa mgumu kupindukia mvua zinapokatika, na chembechembe za mchanga mkali zilizosaga meno ya zana kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Wakati wa kuvuna, karanga zilibaki zimeshikwa ardhini. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kutumia mamilioni ya pauni. Zipo sababu nyingine za kuanguka kwake, kuanzia mvua hadi usimamizi, lakini ile ya kutopima udongo kabla ya kuagiza zana ndiyo inayomhusu moja kwa moja kila anayelima kwa mashine leo, hata akiwa na ekari mbili.

Baada ya udongo linakuja suala la uzito, ambalo husahauliwa kuliko yote. Mvuto wa nyutoni 12,800 ni sawa na kuvuta kwa nguvu ya kilo 1,300 hivi, na katika udongo wa shambani magurudumu yanayoendesha huweza kuvuta kama asilimia 40 hadi 50 ya uzito uliolala juu yake. Ili mvuto huo upatikane, magurudumu hayo yanahitaji kubeba kati ya kilo 2,600 na 3,250. Trekta la kawaida la nguvu farasi 60 lisiloendesha magurudumu ya mbele huwa na uzito wa tani mbili hadi mbili na nusu kwa jumla, na sehemu ya uzito huo iko mbele ambako hausaidii kuvuta. Injini inaweza kuwa na nguvu ya kutosha na bado trekta likashindwa, magurudumu yakizunguka pale pale na kuchimba. Ndiyo maana matairi ya nyuma hujazwa maji, vyuma vya uzito huongezwa kwenye rimu na mbele ya boneti, na trekta linaloendesha magurudumu yote manne huweza kufanya kazi ambayo lenzake lenye injini sawa huikataa.

Sehemu ya upungufu huo huzibwa na plau yenyewe, na ufumbuzi huo una historia inayostahili kutajwa. Harry Ferguson, fundi kutoka Ireland, alibuni mfumo wa mikono mitatu nyuma ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu, inayonyanyuliwa kwa nguvu ya haidroliki. Mfumo huo ulienea sana kuanzia mwaka 1939 ulipowekwa kwenye matrekta aliyotengeneza pamoja na Ford. Plau iliyofungwa katika mikono mitatu haiburutwi nyuma kama tela: uzito wake, pamoja na uzito wa udongo unaoishindilia chini, hulala juu ya magurudumu ya nyuma, na kadiri kazi inavyokuwa nzito ndivyo magurudumu yanavyobanwa zaidi ardhini. Trekta jepesi likaweza kuvuta plau iliyohitaji trekta zito. Kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris mwaka 1953, na mikono yake mitatu imekuwa kawaida ya karibu kila trekta la shambani duniani. Mkono wa juu ukifungwa kwa urefu usiofaa, faida hiyo hupungua sana, na plau ama huelea juu ya ardhi ama huzama pua.

Kuteleza kwa magurudumu hupimika bila chombo chochote cha maabara. Alama ya chaki huwekwa kwenye tairi la nyuma, trekta huendeshwa shambani likiwa limeinua plau hadi tairi lizunguke mara 10, na umbali hupimwa kwa kamba. Kisha kazi hiyo hurudiwa plau ikiwa imezama katika kina kinachotakiwa. Ikiwa umbali wa kwanza ni mita 44 na wa pili ni mita 38, mita 6 zimepotea, nazo ni kama asilimia 14. Kiwango cha kati ya asilimia 10 na 15 kinakubalika katika shamba, kwa sababu gurudumu lisiloteleza hata kidogo ni dalili ya trekta lililobebeshwa vyuma vingi linaloshindilia udongo bure. Lakini kiwango kikizidi 20, mafuta yanachomwa kwa ajili ya kusaga tairi. Dawa ya kwanza ni kuongeza uzito, na ya pili, ambayo wenye matrekta huichelewesha, ni kupunguza upana wa zana.

Aina ya zana nayo hubadilisha hesabu. Plau ya diski imeenea Tanzania kwa sababu diski huviringika juu ya mizizi na mawe badala ya kunasa, sifa yenye thamani kubwa katika mashamba yaliyofyekwa karibuni. Lakini diski huzama kwa uzito na kwa pembe iliyofungiwa, haina ncha inayojivuta chini kama plau ya bapa, kwa hiyo plau nyepesi ya diski katika ardhi kavu hukwaruza tu, na kuongeza nguvu farasi hakutaisaidia. Haro, inayovunja mabonge baada ya kukatua, hudai mvuto unaokaribia uzito wake au kuuzidi kidogo, na kwa kuwa trekta sasa linakanyaga udongo uliokwisha kulegezwa, kushika kwake kumepungua. Haro pana iliyochaguliwa kwa kutazama injini peke yake huwa mzigo kwa sababu hiyo.

Rotaveta imesimama mbali na zote hizo, kwa kuwa visu vyake huzungushwa na shafti inayotoka moja kwa moja nyuma ya giaboksi, na nguvu haipiti kwenye tairi. Visu vyake hata huisukuma mashine mbele. Hapo ndipo ilipo siri ya pawatila, trekta dogo la magurudumu mawili lenye nguvu farasi 12 hadi 16, ambalo lilisambazwa kwa wingi nchini katika miaka ya azimio la Kilimo Kwanza lililozinduliwa mwaka 2009. Pawatila lina uzito wa kilo 400 hadi 500. Likifungwa plau, magurudumu yake huweza kuvuta kama nyutoni 2,000, na nyutoni 2,000 katika mfinyanzi mkavu hukata sentimita za mraba 250 tu, yaani mfuo wenye upana wa sentimita 20 na kina cha 12. Hata injini yake ikiongezwa mara mbili matokeo hayatabadilika, kwa kuwa kikomo ni uzito. Likiingizwa katika jaruba lililojaa maji, likiwa na visu vya kuzungusha na magurudumu ya chuma, mashine ileile huvuruga tope kwa ustadi na kugeuka mahali ambapo trekta kubwa lingetitia au kubomoa tuta. Lawama nyingi zilizotupiwa pawatila zilitokana na kulipeleka kwenye ardhi kavu ya mahindi. Katika skimu za umwagiliaji wa mpunga kama za mabonde ya Morogoro, lilionyesha thamani yake.

Kina kinahitaji tahadhari ya pekee katika eneo la Uluguru. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta mapana ya ngazi milimani. Katika sehemu nyingi uchimbaji ulipandisha juu udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakawa duni kwa kazi kubwa iliyofanyika, na chuki dhidi ya amri hizo ikazusha vurugu huko Matombo, Uluguru, mwaka 1955, mpango ukaachwa. Plau inayozamishwa kupita tabaka la juu lenye rutuba hurudia kosa hilo kwa kasi ya mashine. Shamba linalokatuliwa kila msimu kwa kina kilekile, kwa upande mwingine, hujenga chini ya mfuo tabaka gumu lililoshindiliwa na diski na magurudumu, na mizizi ya mahindi ikifika hapo hutambaa pembeni. Tabaka hilo halivunjwi kwa kuongeza kina cha plau. Ripa, yaani jino jembamba linalopasua mstari mmoja na kuacha udongo wa katikati ulivyo, hulifikia kwa gharama ndogo zaidi ya nguvu, kwa kuwa katika nafasi ya sentimita 75 au 90 kati ya mistari sehemu ndogo tu ndiyo inayokatwa. Nayo hufanya kazi vizuri ardhi ikiwa kavu, wakati ambapo plau huteseka.

Wakulima wengi wadogo hawamiliki trekta, hulikodi kwa ekari, na utaratibu wa malipo hayo unapingana na ubora wa kazi. Plau ya sentimita 80 katika mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukiondoa muda wa kugeuza na kurekebisha, hukamilisha ekari moja kwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Dereva anayemaliza ekari kwa dakika 40 kwa plau hiyo ama ameinua plau, ama ameruka vipande vya udongo kati ya mfuo na mfuo, na mkulima ana haki ya kuchomeka kijiti chenye alama kwenye ukuta wa mfuo mbele yake. Katika wiki za mwisho kabla ya masika, matrekta yanapogombaniwa, haki hiyo ni ngumu kuidai, na hapo lawama haimwangukii dereva peke yake. Wakulima wa mashamba yanayopakana wakikodi kwa pamoja, trekta hupata mstari mrefu, muda wa kugeuza hupungua, na mwenye trekta hupata sababu ya kukubali masharti ya kina. Makubaliano ya namna hiyo yangesaidia Mlali kuliko kuongeza matrekta makubwa, kwa maana trekta kubwa katika kishamba cha nusu ekari hutumia sehemu kubwa ya siku likigeuka.

Mwinuko nao hudai fungu lake. Trekta na plau vyenye jumla ya kilo 2,900, vikipanda mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100, hupoteza mvuto wa kilo 290 kwa ajili ya kujipandisha tu, na katika mfinyanzi hiyo ni zaidi ya moja ya tano ya mvuto wote uliohitajika. Dereva anayekwepa hasara hiyo kwa kukatua akishuka huchora mifuo ambayo mvua ya kwanza huigeuza kuwa mifereji, na udongo wa miteremko ya upande huu huteremka na mito hadi Bwawa la Mindu, linaloupatia mji wa Morogoro sehemu ya maji yake. Kukatua kwa kukingama mteremko hupunguza madhara yote mawili, lakini kuna kikomo cha usalama, kwa kuwa gurudumu moja huwa ndani ya mfuo na kuongeza kuinama kwa trekta. Mteremko ukikaribia mita 15 kwa kila mia, trekta la kawaida halipaswi kuendeshwa kwa kukingama. Katika barabara ya Mgeta mpaka huo hufikiwa mapema, na zaidi ya hapo ngazi zilizochongwa milimani ni nyembamba mno kwa trekta, kwa hiyo jembe la mkono ndilo zana inayolingana na ardhi hiyo, na fedha za kuboresha kilimo chake hutumika vyema zaidi kwenye samadi, mbegu na mifereji ya maji.